Mhariri, samaki aliyezaliwa kwenye tangi siyo feki

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu tunaofuga samaki wa mapambo majumbani, hasa wale ambao ndo kwanza wamenunua tangi na wanajiuliza waweke nini. Kuna maneno nayasikia sana kwa wauzaji na kwa wafugaji wenyewe, kwamba samaki aliyevuliwa baharini au ziwani ndo orijino, ana rangi kali, ana nguvu, na yule aliyezaliwa kwenye tangi ni feki fulani hivi, wa kununua ukimkosa yule mwingine. Mimi nasema hapana, na nasema kwa moyo wote, manake haya maneno yanaua samaki na yanamaliza miamba huko walikotoka, na anayeyasema mara nyingi hajui huyo samaki kapita wapi mpaka kufika pale kwenye kioo.

Hebu tufuate njia yake. Mvuvi anazamia kwenye mwamba, anatega wavu mdogo, anamkimbiza samaki mpaka anaingia, sasa kama katolewa kina kirefu akapandishwa haraka ile hewa kwenye kibofu chake inatanuka, tumbo linavimba, na wapo wavuvi wanaomchoma sindano ubavuni hewa itoke ili safari iendelee. Akifika juu anauzwa kwa mkusanyaji, mkusanyaji anamuuza kwa msafirishaji, huko ananyimwa chakula kabla ya kupanda ndege ili asichafue maji, anafungiwa kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni, anakaa gizani masaa na masaa, akishuka anapokewa na muagizaji, kisha duka la jumla, kisha duka la rejareja, ndo wewe unamuona. Kila kituo maji mengine, chumvi nyingine, joto jingine, na samaki wengine wagonjwa wa kuchangia nao maji. Na kila kituo kuna waliokufa, ila wewe hao huwaoni, unamuona huyu mmoja aliyefika halafu unaambiwa samaki wa porini wana nguvu!

Na hapo nimemsema mvuvi muungwana mwenye wavu. Kuna anayevua kwa sumu ya sianidi. Mtindo huu ulianza Ufilipino miaka ya 1960 ukasambaa mpaka Indonesia, na ingawa nchi zote mbili zimeupiga marufuku haujaisha. Mtu anayeyusha sumu kwenye chupa ya plastiki, anazama nayo, anapulizia kwenye nyufa za matumbawe walikojificha samaki, wanalewa, anawaokota kwa mkono. Wengine wanakufa palepale. Wanaozinduka wanaweza kuondoka na maini yaliyoharibika, na huwezi kumjua kwa macho, dukani anaogelea vizuri, nyumbani anakula vizuri, halafu siku moja unamkuta kalala chini, unaanza kujilaumu, utasema ni maji, utasema ni filta, unabadilisha kila kitu, kumbe alishaumizwa hata kabla hujamfahamu. Na yale matumbawe yaliyopuliziwa nayo yanapauka na kufa, kwa hiyo nyumba ya samaki wengine kibao ambao hakuna hata mtu aliyewahitaji imeshabomoka.

Kuna samaki mmoja lazima nimtaje kwa sababu roho inaniuma kila nikimuona dukani, anaitwa mandarini. Hazidi urefu wa kidole, ana michirizi ya bluu na rangi ya chungwa utadhani kachorwa, na mtu yeyote akisimama mbele ya tangi jicho linamuangukia yeye. Kazi yake kutwa nzima ni kutambaa juu ya mawe akidonoa vidudu hai vidogo sana, kopepodi, kimoja kimoja. Yule aliyevuliwa baharini mara nyingi hajui kabisa kwamba chakula cha pakiti ni chakula, unamdondoshea mbele ya mdomo anakipita kama jiwe. Na tangi dogo, tena jipya, halina vidudu vya kumtosha. Basi anakonda taratibu, mwangalie nyuma ya kichwa utaona nyama inazama, tumbo linaingia ndani, na bado anaendelea kudonoa mawe yasiyo na kitu, asubuhi mpaka jioni, wiki baada ya wiki mpaka anakufa. Hajaugua huyo, kafa njaa ndani ya nyumba ya mtu anayempenda.

Wakati huohuo mandarini waliozaliwa kwenye matangi wapo, wameanza kuuzwa madukani tangu kama mwaka 2010, na hao toka wadogo wamefundishwa kula chakula kilichogandishwa na vidonge vidogo. Bado anataka uangalizi, sisemi ni samaki wa kumpa mtoto mdogo, ila anajua chakula, na hilo tu linabadilisha kila kitu. Farasi-bahari ni vilevile. Wa porini wanakuja na minyoo na vimelea, wengi wanagoma kula kitu ambacho hakitikisiki, wa kuzaliwa tangini anakula uduvi wa kugandishwa bila matatizo. Isitoshe biashara ya farasi-bahari wote duniani iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, walikubaliana mwaka 2002 ukaanza kufanya kazi 2004, na nchi haziwezi kuwekea mnyama masharti ya namna hiyo kama huko baharini mambo yangekuwa shwari.

Sasa mtu ataniuliza, kwani tunaongelea samaki wangapi? Mwaka 2003 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kupitia kituo chake cha Cambridge lilitoa ripoti iliyokadiria samaki wa mapambo wa baharini milioni 20 mpaka 24 wanaouzwa kila mwaka, wa aina 1,471, na juu yake vipande vya matumbawe milioni 11 mpaka 12. Ni hesabu za zamani nakubali, ila zinakupa picha, na sehemu kubwa mno ya hao samaki ilitolewa moja kwa moja kwenye miamba. Maji baridi ni kinyume kabisa. Gapi, moli, beta, neoni, karibu wote unaowaona madukani wamezaliwa kwenye mabwawa na mashamba ya samaki, ni zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo wewe unayefuga maji baridi tayari unafuga waliozalishwa, labda hata hujui, na sijawahi kusikia mtu analalamika kwamba gapi wake ni feki. Haya maneno ya orijino yanaanza pale tu mtu anapohamia maji ya chumvi au anapoanza kukusanya samaki adimu.

Na kwa samaki adimu ndo kuna msiba wenyewe. Kule Ziwa Nyasa, karibu na kisiwa cha Chizumulu, kuna mwamba mmoja chini ya maji unaitwa Taiwan Reef, na hapo tu ndo asili ya mbuna (samaki wadogo wa kwenye mawe ya ziwa hilo) mmoja anaitwa saulosi. Dume ni bluu mwenye mistari myeusi, jike na watoto ni njano tupu, ukiwaweka kundi kwenye tangi utadhani umefuga aina mbili tofauti, ni samaki mzuri kwelikweli. Anazaa kirahisi mno kwenye matangi, wafugaji wa kila pembe ya dunia wanao wa kumwaga. Lakini kule mwambani wamevuliwa kwa ajili ya biashara hii yetu mpaka mwaka 2018 akaandikwa kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kuwa yuko hatarini kabisa kutoweka. Jamani, samaki ambaye jirani yako ana vifaranga vyake hana pa kuvipeleka, tunamfuata tena mpaka kwenye mwamba wake wa pekee kwa sababu tu mtu fulani anataka ajisifu kwamba wa kwake ametoka ziwani! Hapo kwa kweli nashindwa kabisa kuelewa, na naomba anayefanya hivyo ajitokeze hapa gazetini atueleze anapata nini cha zaidi.

Samaki wanaoitwa Tropheus wa Ziwa Tanganyika wako kwenye hali ya kufanana na hiyo. Wanaishi kwenye mawe ya ufukweni na hawapendi kuvuka mchanga, ndo maana ukisogea kidogo unakuta wa rangi nyingine, huku mwekundu, kule mwenye mkanda wa njano, kila pwani na wake. Jike anabeba mayai mdomoni, tena machache, kama kumi hivi. Mkivua kundi zima la pwani moja hakuna kundi jingine la karibu litakalohamia hapo kesho, rangi ile inaweza ikaisha ndo basi.

Wa baharini anayefanana naye kwa hilo ni kadinali wa Banggai, samaki mdogo wa fedha mwenye mistari myeusi na mapezi marefu yenye madoa meupe, anatoka kwenye visiwa vya Banggai huko Indonesia upande wa Sulawesi. Biashara yake ilichangamka katikati ya miaka ya 1990 na miaka michache tu baadaye makadirio yalikuwa yanasema wanavuliwa 600,000 mpaka 900,000 kwa mwaka kutoka kwenye kieneo hicho kidogo, na 2007 IUCN ikamuweka kwenye kundi la walio hatarini. Sababu ya kuisha haraka hivyo ni jinsi anavyozaa. Samaki wengi wa kwenye matumbawe mayai au viluwiluwi vyao vinachukuliwa na mkondo wa maji, vinazunguka baharini wiki kadhaa, vinakuja kutua hata mwamba wa mbali, kwa hiyo mwamba uliovuliwa unaweza kujazwa na watoto wa mwamba mwingine. Huyu hapana. Baba anachukua mayai mdomoni, anakaa nayo kama wiki tatu bila kula, yakianguliwa anakaa na watoto humohumo siku kama kumi tena, akija kuwatema ni samaki kamili na wanabaki palepale, wanajificha kwenye miiba ya urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu. Ukimaliza wa ghuba moja hakuna wa kuja kujaza.

Lakini angalia sasa, tabia hiyohiyo inayomponza baharini ndo inamfanya awe rahisi kuzalishwa nyumbani! Hakuna kile kipindi kigumu cha viluwiluwi vya kuelea, mtoto anatoka mdomoni kwa baba yake anaweza kula atemia (vidudu vidogo vya jamii ya uduvi) walioanguliwa siku hiyohiyo. Mtu mwenye tangi moja la wazazi na kijitangi cha watoto anaweza. Basi kumvua baharini leo kuna utetezi gani?

Yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, klaunifishi, ana kazi zaidi ila imeshazoeleka miaka mingi. Nawapenda sana kuwaangalia wakijiandaa, wanachagua jiwe au kigae cha chungu, wanalisugua kwa midomo mpaka linang'aa, jike anapita polepole anabandika mayai safu kwa safu na dume anamfuata nyuma. Toka hapo dume haondoki. Anayapepea na mapezi maji yazunguke, anayanyonya moja moja, lililooza analitoa. Mwanzo ni ya chungwa, siku zikienda yanakuwa ya kijivu na unaanza kuona macho, vijicho vidogo vya fedha vinakutazama kutoka kwenye kila yai, na kama wiki moja au siku kumi zikipita wanaanguliwa usiku mara giza likishaingia. Hapo ndo unahamisha, unawapa rotifa, vidudu vya majini vidogo kuliko atemia, uliowafuga kwa mwani wa kijani, kisha atemia, na siku kama kumi baadaye unaona mstari wa kwanza mweupe unatokea kwa nyuma ya jicho. Mtoto huyu amekulia kwenye kioo, hajui kuvuliwa, hajui sindano, binadamu akikaribia anakuja juu kuomba chakula wala hakimbilii kona. Mtu aliyeona haya yote hata mara moja sidhani kama atamwita feki tena.

Ni kweli wapo ambao hawajawezekana au wamechelewa kuwezekana. Yule samaki wa njano wa Hawaii anayeitwa tang (jina lake tu, siyo tangi la kioo) alisumbua wataalamu miaka na miaka, viluwiluwi vyake vina vidomo vidogo mno havimezi hata rotifa, mpaka mwaka 2015 ndo Oceanic Institute ya hukohuko Hawaii wakafanikiwa, na 2016 Chuo Kikuu cha Florida wakafanikiwa kumzalisha yule tang wa bluu. Walikazana kwa sababu wanunuzi walikuwepo, na mimi naamini kila tunapochagua aliyezaliwa tangini tunampa mzalishaji sababu ya kujaribu aina nyingine ngumu. Na mahali pengine sheria nayo imesukuma, mwaka 2017 Mahakama Kuu ya jimbo la Hawaii iliamua kwamba vibali vya kuvua samaki wa mapambo kibiashara haviwezi kutolewa bila kwanza kuangaliwa athari kwa mazingira.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, manake nisiposema hili kuna mtu ataniandikia. Kuna samaki mdogo wa maji baridi anaitwa kadinali tetra wa Mto Rio Negro kule Brazil, eneo la Barcelos. Huko wavuvi wanatumia nyavu za mkono kwenye misitu iliyofurika, samaki hao wanazaana kwa wingi kila mafuriko na maji yakikauka wengi wangekufa hata kama hakuna aliyewavua, na kipato hicho ndo kinawafanya watu wasikate msitu wala kuchoma wafuge ng'ombe. Mradi wa Piaba umekuwa ukilitetea hilo kwa miaka mingi na mimi sibishani nao, nakubali kabisa kwamba huyu wa kuvuliwa anaweza kuwa na faida kwa msitu wake kuliko yule aliyezalishwa nchi ya mbali. Ila tuangalie masharti yake, mahali panajulikana, wavuvi wanajulikana, zana haiharibu kitu, na samaki mwenyewe anajirudishia mwaka hadi mwaka. Muuzaji wako akiweza kukueleza hayo yote kuhusu samaki anayekuuzia, mnunue. Anayeweza kueleza hata nusu yake ni wa kutafuta kwa tochi.

Na wa kuzaliwa tangini nao wasikupumbaze moja kwa moja. Wapo wanaochanganywa ndugu kwa ndugu mpaka wanatoka migongo imepinda, wapo wanaochomwa rangi za sindano (hao usinunue kabisa, ni ukatili mtupu), na wapo waliookotwa wadogo baharini wakakuzwa miezi michache tangini halafu anaambiwa mteja ni wa tangini, ambayo siyo sawa na kuzaliwa humo. Tena aliyezaliwa tangini asije akatupwa mtoni au baharini eti arudi kwao, wale samaki simba waliojaa Atlantiki ya magharibi inasadikika walianza na waliotupwa hivyo, wa kwanza walionekana Florida mwaka 1985, hiyo bahari siyo yao kabisa na sasa wanakula kila kitu.

Kuna faida nyingine ya kuzalisha ambayo watu hawaifikirii. Ziwa Victoria lilipoteza mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, baada ya sangara aliyewekwa miaka ya 1950 kuja kulipuka miaka ya 1980, na kuna furu ambao wamesalia kwa sababu tu walikuwa kwenye matangi ya watafiti, mazuu na wafugaji wa kawaida. Aksolotli naye, mnyama wa majini wa jamii ya salamanda, huko kwao Xochimilco nchini Mexico anakaribia kwisha, lakini kwenye matangi duniani wamejaa, na wengi wana asili ya wale 34 waliopelekwa Paris miaka ya 1860. Sisemi tangi ni mbadala wa ziwa, hapana, furu wa kwenye kioo hasafishi mwani wa ziwa lolote. Nasema watu walioshika mkononi kizazi cha mwisho wanatakiwa waheshimiwe, na badala yake tunawaambia samaki wao siyo orijino.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo, mhariri. Bandika karatasi kwenye kila kioo, huyu kazaliwa tangini, huyu kavuliwa na kavuliwa wapi. Ukiwa hujui muulize anayekuletea, na yeye akiulizwa na wengi atalazimika kuuliza anakotoa. Kwa sisi wanunuzi, tuulize kila mara hata kama tunajua jibu, tuombe samaki alishwe mbele yetu tumuone anakula nini, na tukijibiwa "sijui" tumhesabu kuwa kavuliwa. Najua wapo wanaomnunua yule mandarini aliyekonda kwa huruma, wanasema wanamuokoa, na roho zao ni nzuri sina shaka nazo. Ila muuzaji hana daftari la huruma, yeye anaandika mandarini mmoja kaisha, na Jumatatu anaagiza wengine. Mwambie tu kwa upole kwamba unamtaka aliyezaliwa tangini, muachie namba yako, na usubiri hadi ampate.

Msomaji wako,
Mfugaji wa samaki wa mapambo